Siku mbili za Mji Mkongwe, na Nungwi ikae mpaka safari nyingine

Kila wikiendi ndefu utawaona bandarini Dar es Salaam: mume, mke, begi moja la magurudumu, na ratiba iliyobeba Mji Mkongwe wa Zanzibar, kisiwa cha Changuu, mashamba ya viungo, Nungwi na Paje kwa siku mbili. Ratiba hiyo ni mbovu. Nungwi iko kaskazini kabisa mwa kisiwa, zaidi ya saa nzima kwa gari, na kurudi ni vilevile. Wengi wanaoikimbilia hurejea Jumapili wakiwa wamekaa garini zaidi kuliko walivyokaa ufukweni. Siku mbili zinautosha mji tu, tena kwa kubana.

Pandeni boti ya saa moja asubuhi Jumamosi. Tiketi ikatwe mapema, mtandaoni au kwenye dirisha la ofisi yenyewe, na majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho. Anayewanyakulia begi nje ya geti ni kuli, na bei yake huitaja mzigo ukishafika. Patana naye kwanza au beba mwenyewe. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi huvuma na boti huruka kwelikweli. Kaeni sitaha ya chini, kuelekea nyuma, maana mbele ndiko inakopanda na kushuka zaidi. Dawa ya kichefuchefu imezwe kama saa nzima kabla ya kung'oa nanga. Ukingoja tumbo lianze, utaitapika pamoja na chai. Safari ni ya saa mbili hivi.

Bandari ya Malindi inapakana na Mji Mkongwe, kwa hiyo hamhitaji teksi, hata kama papasi, wale madalali wa wageni wanaowangoja mlangoni, watasema hoteli iko mbali. Hoteli yenyewe iulizeni mambo matatu kabla ya kulipa: chumba kiko ghorofa ya ngapi, jenereta ipo, na dirisha linatazama wapi. Nyumba za zamani zina ngazi za mbao zilizosimama kama za kupandia mnazi, na lifti ni adimu.

Mchana wa kwanza nendeni Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa kuanzia 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lililokuwa hapo lilipofungwa. Altare imewekwa palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa. Karibu na mlango tazameni nguzo fupi zilizosimamishwa kichwa chini. Inasimuliwa kwamba mafundi walizigeuza Askofu Steere, msimamizi wa ujenzi, akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha. Vyumba vya chini mtakavyooneshwa kuwa ndimo walimofungiwa watumwa vina ubishi, kwa kuwa wapo wanahistoria wanaosema jengo lililo juu yake ni la wamisionari, lilijengwa baada ya soko kufungwa. Sanamu za uani, zilizozamishwa shimoni na minyororo shingoni, ni za 1998, na ndizo zinazomkalia mtu moyoni hata baada ya kutoka. Msizipitie mbio.

Saa saba hadi saa tisa lala. Jua la saa hizo halina utalii, na ugomvi mwingi wa wanandoa safarini ni njaa na joto tu.

Jioni ni ya milango. Tembeeni bila ramani ya simu, kwa maana kati ya kuta ndefu za mawe ile alama ya mlipo hurukaruka ovyo. Kupotea si hatari: mji umezungukwa na bahari karibu pande zote, na upande wa mashariki kuna barabara kuu ya Darajani, hivyo ukishika njia moja utatokea tu. Mlango wenye kizingiti cha juu kilichonyooka na nakshi nzito ni wa Kiarabu. Wenye tao juu, au vijimbao vidogovidogo vya mraba, ni wa Kihindi. Sogeeni karibu na mfaa, ule mti wa katikati unaofunika mwanya wa mbao mbili, kwani fundi hakuubania nakshi. Pembeni mwa fremu tafuteni mnyororo uliochongwa kuzunguka mlango mzima. Mabega na magoti yafunikwe. Vichochoro hivi ni mitaa ya watu, na barazani wamekaa wazee.

Beit el Ajaib, jumba la sultani la 1883, itazameni kwa nje tu. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, mnara wa saa ukiwemo.

Jua likikaribia kuzama muwe Forodhani, bustani ya kando ya bahari, muone vijana wakipiga makachu kutoka ukutani hadi baharini. Kuhusu chakula cha pale, maoni yangu yatawaudhi wauzaji: achaneni na mishikaki ya pweza na kamba iliyopangwa mezani. Mingi imeshachomwa, hupashwa tu moto, na bei hutajwa ukiwa umeshatafuna. Kuleni urojo. Mchuzi wake ni wa unga wa ngano na manjano, uliotiwa ukali kwa embe mbichi au ukwaju. Ndani mna viazi, bajia, kachori na kipande cha mshikaki, juu chatini ya nazi na muhogo uliokaangwa mwembamba. Mwambieni muuzaji muhogo autie mwisho, la sivyo hulowa kabla hamjapata pa kukaa. Pilipili ombeni pembeni. Juisi ya miwa ikamuliwe mbele yenu, pamoja na ndimu na tangawizi.

Jumapili amkeni mapema mkanywe kahawa chungu barazani Sokomuhogo, kisha sokoni Darajani kabla jua halijakolea. Kobe wa Changuu wanafaa kama bahari imetulia, lakini safari ya kuwaona inakula nusu siku. Rudini kwa boti ya mchana, hasa msimu wa kusi, kwani alasiri bahari huchafuka zaidi. Halua ya kwenye kikapu cha ukindu ibebeni mkononi. Ikikandamizwa begini siku ya joto, mafuta yake yatafika Dar kwenye nguo zenu.