Ulimi wa nguruwe na pepo wa kifafa

Mnunuzi mzoefu anayezunguka vijiji vya Mbozi kutafuta nguruwe halipi kabla ya kuona ulimi. Nguruwe analazwa ubavu, kijiti kinapenyezwa kati ya meno, ulimi unavutwa nje kwa kitambaa ili usiteleze, kisha vidole vinapapasa chini yake kutafuta vivimbe vidogo kama punje za mchele. Vikipatikana, bei inaporomoka au biashara inaishia hapo. Mwenye nguruwe anaweza kuapa kwa Mungu kwamba mnyama wake ni mzima, na bado ulimi utavutwa. Hakuna anayemwambia mnunuzi yule kwamba hana imani.

Vivimbe vile ni mabuu ya tegu wa nguruwe, aina ya mnyoo wa tumboni, na mabuu hayohayo yakiingia kwenye ubongo wa binadamu huleta kifafa. Ajabu ni kwamba kifafa kikishaingia nyumbani, maelezo yake hayapapaswi na mtu. Husemwa ni pepo, ni mkono wa jirani, ni laana ya ukoo, ni agano la mababu, na mjadala unafungwa. Kuna wanaoona kwamba kuyahoji maelezo hayo ni kumhoji Mungu. Wengine wanaona kwamba kanisa na msikiti viondoke kabisa kwenye suala la ugonjwa. Naona pande zote mbili zinakosea, ingawa hazikosei kwa kiasi kimoja.

Tuanze na mwili. Mtu akila nyama yenye mabuu ambayo haikuiva hadi katikati, tegu wa mita 2 hadi 7 anakua ndani ya utumbo wake, na anaweza kukaa humo miaka bila mwenyewe kujua. Vipande vya tegu hutoka na kinyesi, kila kimoja kimebeba makumi ya maelfu ya mayai. Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho, mayai yanageuka mabuu kwenye misuli yake, na mzunguko unaanza upya. Lakini mayai hayo yakimfikia binadamu, kwa mikono ya mpishi asiyenawa, kwa mboga mbichi au kwa maji machafu, mabuu hujijenga mwilini mwake kama kwa nguruwe, na baadhi hufika kwenye ubongo. Ndiyo maana hata Mwislamu au Msabato ambaye hajawahi kuonja kitimoto anaweza kupata kifafa hiki. Jirani mwenye tegu na choo kisichofaa vinatosha.

Katikati ya kumeza yai na kuanguka mara ya kwanza inaweza kupita miezi, na mara nyingi miaka. Hapo ndipo fikra inapopotea njia. Nani ataikumbuka kachumbari ya miaka minne iliyopita? Kinachokumbukwa ni ugomvi wa mpaka wa shamba wa mwezi uliopita, au shangazi aliyeondoka msibani amenuna. Akili hushika tukio lililo karibu, na la karibu likishapata jina la mtu, ni vigumu kulitoa.

Si kila kifafa kinatokana na tegu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo mengi ambako tegu huyu amezoeleka, takriban asilimia 30 ya wenye kifafa wana mabuu kwenye ubongo. Wengine walikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au waliugua malaria kali ya kichwa, au waliumia ajalini, na wako ambao sababu haipatikani. Mtetezi wa sayansi asiyekiri hili la mwisho hana tofauti na anayejua jina la pepo kabla ya kumwona mgonjwa. Hata kipimo cha ulimi chenyewe kina upungufu: nguruwe mwenye mabuu machache hupita bila kugundulika. Ubora wa kipimo hicho ni kwamba kinaweza kukukatalia ulichokiamini.

Sasa tuingie kwenye maombezi. Kwa kawaida tukio la kifafa huisha lenyewe ndani ya dakika 1 hadi 3. Mtumishi akiweka mikono na kukemea kwa nguvu, mgonjwa atatulia, mwili utalegea, atalala usingizi mzito, na akiamka hatakumbuka lolote. Ibada nzima imemwona pepo akitoka. Mtumishi hasemi uongo, ameona alichokiona. Lakini mgonjwa huyo angeanguka peke yake katikati ya shamba la viazi, angetulia vilevile, na usingizi ule ule ungemchukua. Huwezi kujua maombi yamefanya nini mpaka uwatazame pia walioanguka bila kuombewa, na hao hawapewi kipaza sauti.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata wasomi. Chukua mgonjwa anayeanguka kwa wastani mara 2 kwa mwezi. Mwezi mmoja anaanguka mara 6, ndugu wanashtuka, wanachanga nauli na kumpeleka kwenye mkesha. Mwezi unaofuata anaanguka mara 2. Ushuhuda unatolewa kwamba amefunguliwa vifungo vinne, wakati amerudi tu kwenye wastani wake. Watu huenda kuombewa hali ikiwa mbaya kabisa, na baada ya hali mbaya kabisa mara nyingi hufuata nafuu, uwe umeombewa, umekunywa mitishamba au umekaa nyumbani. Kisukari nacho kina namna yake: anayefunga siku tatu, sukari ya asubuhi inashuka kwa sababu hakula. Kipimo cha damu cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa takriban miezi 3, ndicho kitakachosema kama kuna kilichobadilika.

Tatizo kubwa zaidi la maelezo ya pepo ni kwamba hayawezi kushindwa. Akipona, maombi yamejibiwa. Asipopona, imani yake ni haba, au kuna dhambi imefichwa, au nyumbani kuna kitu kimefukiwa. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walifurika Rujewa, wilayani Mbarali, kutazama jua likipatwa na kubaki kama pete. Siku na dakika zilikuwa zimeandikwa miaka mingi kabla, na laiti jua lingewaka bila doa siku ile, wanasayansi wa anga wangeumbuka mbele ya umati. Daktari wa kifafa hana uwezo wa namna hiyo, hawezi kukutajia siku ya kuanguka. Ila anasema jambo linaloweza kumuumbua: nguruwe wakifungiwa bandani na kila kaya ikawa na choo, wagonjwa wapya watapungua kadiri miaka inavyokwenda, na anayemeza dawa kila siku ataanguka mara chache kuliko asiyemeza. Unaweza kuhesabu.

Upande wa imani una hoja nzito, na wengi wanaojiita watu wa akili huzipita haraka. Nyumba za Makete na Njombe zina baridi, jikoni moto hauzimwi, na mwenye kifafa akiangukia mafigani majirani wengi hurudi nyuma kwa kuogopa kwamba ugonjwa unaambukizwa kwa povu, mate au ushuzi. Hauambukizwi hivyo hata kidogo. Lakini nani alimgusa huyo mtu wakati wengine wamekimbia? Mara nyingi ni mzee wa kanisa, au mama wa jumuiya. Na hospitali ambazo wagonjwa wa nyanda hizi wanazitegemea, Ikonda, Ilembula, Mbozi Misheni, zilijengwa na makanisa. Anayetaka dini iondoke kwenye ugonjwa aseme kwanza nani atashika zile wodi.

Maandiko yenyewe yana mambo ya kutazama vizuri. Injili ya Marko, sura ya 9, inaeleza kijana aliyekuwa akitupwa kwenye moto na kwenye maji. Muumini ana haki ya kusema kwamba pale pametajwa pepo, maana ametajwa. Lakini kabla ya kukemea, Yesu anamuuliza baba mtu: amepatwa na haya tangu lini? Ni swali ambalo mganga wa zahanati naye analianzia, na ambalo mikesha mingi hailiulizi. Kwa Waislamu ipo hadithi ya mwanamke aliyekuwa akianguka, akamwomba Mtume dua. Alipewa hiari ya kusubiri aingie Peponi au kuombewa apone. Alichagua subira, akaomba tu asifunuke nguo anapoanguka. Hakulaumiwa, na hakuna jirani aliyetajwa kuwa mchawi.

Hilo la kutajwa ndilo linaloumiza zaidi. Lambalamba wakiitwa kijijini kusaka wachawi, anayeangukiwa ni bibi mjane mwenye macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ambayo asili yake ni mwaka 1928, inafanya kumtaja mtu kuwa mchawi kuwa kosa la jinai. Kwa maelezo ya tegu hakuna bibi wa kutajwa.

Hospitali nazo zinachangia kuwarudisha watu kwa manabii. Mgonjwa amesafiri tangu alfajiri, anahudumiwa kwa dakika mbili na kupewa dawa ya kifafa, fenobabitoni au kabamazepini, haambiwi kwamba dawa hiyo inazuia mishtuko tu, haiyaondoi mabuu, na kwamba lazima imezwe kila siku hata akijisikia mzima. Mwezi wa pili dawa imeisha dirishani. Anaacha, anaanguka, familia inahitimisha kwamba si ugonjwa wa hospitali. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitambuliwa na kutibiwa vizuri. Dawa isiyoelezwa inakuwa kama hirizi ya vidonge.

Kwa hiyo familia inaweza kufanya nini bila kuacha kusali? Inunue daftari. Kila anapoanguka iandikwe tarehe, saa, dakika alizokaa, kama alimeza dawa jana yake, kama alikosa usingizi au alikunywa pombe. Miezi 3 kabla ya maombezi, miezi 3 baada yake. Akianguka, asogezwe mbali na moto, alazwe ubavu, asiwekewe kijiko mdomoni, saa itazamwe. Zikipita dakika 5 akimbizwe hospitali. Asinunuliwe dawa ya minyoo dukani kwa kubahatisha, maana mabuu yakifa ghafla ndani ya ubongo huleta uvimbe na mishtuko zaidi. Matibabu hayo ni ya hospitali, baada ya picha ya CT. Na dawa ya kifafa isiachwe siku ya ushuhuda. Kwa kawaida daktari hufikiria kuipunguza, tena kidogo kidogo, baada ya angalau miaka 2 bila kuanguka. Ikikatishwa ghafla, mgonjwa anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka katikati, na wapo wanaokufa hivyo. Mchungaji anayejali atauliza swali moja kabla ya kutoa kipaza sauti: dawa bado unameza?

Kuna mama ambaye wote tunamfahamu kwa namna fulani: anampa mwanawe kidonge kila usiku, anaweka alama kwenye daftari, kisha anapiga magoti. Mwaka unapita mtoto hajaanguka, na mama anasimama Jumapili kusema Mungu amemponya. Wapo watakaotaka kumsahihisha palepale. Mimi sioni haja. Kidonge hakijaachwa, daftari halijafungwa, hakuna aliyetajwa mchawi, na swali lake la kwa nini mwanangu na si wa mwingine halina kipimo cha maabara.