Sijang'atwa na kiboko, acheni kunipigia

Haya, kwa kuwa shoga yangu mmoja (simtaji, anajijua, na hadi sasa hajaniletea hata panadol) kamwaga voisi kwenye grupu la tuliosoma wote Ifakara eti nimepigwa na kiboko Marekani, ngoja niseme mwenyewe nundu ikiwa bado mbichi.

Kwanza huyo kiboko ana sentimita 20. Ni sanamu!

Tulienda kwenye makumbusho yale makubwa ya sanaa pale New York, yeye kafuata picha za kupost, mi nataka kuona Misri ya kale. Tukapita kwa maiti waliokaushwa, nikasoma jinsi walivyokuwa wanamtoa marehemu ubongo kupitia puani wanautupa, ila moyo wanamwachia maana ndo wenye akili. Shikilieni hapo kwenye pua, tutarudi.

Sasa kiboko. Bluu inang'aa, katengenezwa kwa faiensi, yani kwatzi iliyosagwa ikachomwa motoni, mwili mzima wamemchorea mayungiyungi ya mto Nile. Katoka kwenye kaburi la bwana mmoja anaitwa Senbi huko Meir, karibu miaka 4,000 iliyopita, kafika New York 1917 na jina wakampa kabisa, William. Watu wamemzunguka, jamani kazuri, jamani kanatabasamu. Mi mtoto wa Kilombero nawaangalia tu. Kwetu ukisikia kiboko kaonekana mtoni huchukui kamera, unachukua watoto.

Wamisri ndo wenzetu hawa. Walipomweka kaburini walimvunja miguu mitatu, inaaminika ni makusudi, asije akamkimbiza marehemu huko ahera. Yani mtu kashakufa, kashazikwa, bado anamuogopa kiboko, nikasema hawa watu nawaelewa kuliko hata majirani zangu wa hapa. Na wajanja pia, maana walikuwa na mungu jike mwenye sura ya kiboko, Taweret, kazi yake kulinda wajawazito. Bora huyu mnyama awe upande wenu.

Ile miguu mitatu wataalamu wamemtengenezea mingine. Mi nikataka kujua upi ule mmoja wa asili. (Mnaosema ungegoogle, naona majina yenu.)

Nikachuchumaa. Mikono nimeirudisha nyuma, nimeshikanisha vidole kabisa, maana pameandikwa usiguse na mi mstaarabu. Nikaangalia wa mbele, nikaangalia wa nyuma, yote bluu ileile, nikasema ngoja nisogee kidogo. Nikasogea. Nikaona kama mstari wa kuungia hivi pale juu ya mguu, nikasema ee nimekupata, nikanyoosha shingo yote kwa furaha.

Jamani kile kioo wanakifutia nini? Hakipo! Macho yangu yanaona kiboko na hewa tu. Paji likatangulia, pua ikafuata, lipstiki ikamalizia. NGO! kama mtu anabisha hodi kwa mdeni wake. Mikono bado iko nyuma, sina pa kujishikia, nikakaa chini taratiiibu huku uso ukiteleza kwenye kioo. Pua ilivyowaka nikajua sasa na mimi ubongo unatoka kwa njia ileile ya kina Senbi.

Ukumbi kimya. Nainua macho, usoni pangu pamehamia kwenye kioo: faundesheni ya paji, duara la pua, na midomo miwili myekundu imembusu William ubavuni. Kulikuwa na watoto wa shule wamekaa sakafuni na penseli wanachora sanamu, mmoja akaniangalia, akaangalia kioo, akageuza karatasi upande wa pili na kuanza kunichora MIMI. Mlinzi akaja na kitambaa na chupa ya kupulizia, akaniuliza kama niko salama, akafuta faundesheni, akafuta pua, midomo akaiacha ya mwisho, na ilikuwa lipstiki ile ya saa 24 kwa hiyo hebu fikirieni alivyosugua. Shoga yangu yeye karekodi.

Basi, barafu, treni, nyumbani, kulala.

Asubuhi mama mdogo huyo anapiga kutoka Ifakara. Shikamoo mama mdogo. Marahaba mwanangu, mguu upo? Nikamweleza weee, sanamu, kioo, nundu, haniamini, nikamtumia picha ya William. Kimya kidogo. Halafu:

"Si umesema walimvunja miguu mitatu? Huyu mbona anayo yote?"

"Wamemuwekea mingine mama mdogo."

"Nani kamuwekea?"

"Hawa wa makumbusho huku."

"Kiboko kashavunjwa miguu, mtu anamrudishia? Kwa nini?"