Mwangalizi wa Kigeni Ahesabu Fomu, Hukumu Atuachie

Tarehe 10 Agosti 2017, siku mbili tu baada ya Wakenya kupiga kura, misheni kubwa za waangalizi zilizungumza na wanahabari Nairobi, moja baada ya nyingine: Thabo Mbeki wa Umoja wa Afrika, John Mahama wa Jumuiya ya Madola, Marietje Schaake wa Umoja wa Ulaya, John Kerry wa Carter Center. Walitahadharisha kwamba majumlisho bado yanaendelea, lakini kilichofika mtaani ni zile sifa walizoupa upigaji kura. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi wa rais, majaji wanne kwa wawili.

Mimi sipingi mgeni kuwa na la kusema. Nauliza alisema lini, na juu ya nini.

Waangalizi hutembea wawili wawili, wakipita vituo kadhaa kwa siku na kujaza dodoso: kituo kilifunguliwa saa ngapi, mawakala wa vyama wapo, sanduku lina lakiri, kifaa cha KIEMS, kile cha kutambua wapiga kura na kutuma matokeo, kinasoma vidole. Jioni hukaa kituo kimoja kutazama kura zikihesabiwa. Hayo Kenya iliyafanya vizuri mwaka ule. Shida ilianza baadaye. Kura zikishahesabiwa, msimamizi wa kituo hujaza fomu 34A, ile ya matokeo ya kituo, mawakala hutia sahihi, nakala hubandikwa mlangoni, na picha ya fomu hutumwa kwa KIEMS pamoja na tarakimu. Tarakimu zilifika, picha nyingi zilichelewa. Tume ya Uchaguzi ikamtangaza mshindi tarehe 11 bila 34A zote za vituo 40,883 mkononi. Baadhi ya fomu 34B, zile za jumla ya jimbo, zikakutwa hazina alama za usalama, na mahakama ilipoamuru seva zifunguliwe, Tume haikutii ipasavyo. Majaji hawakusema nani alipata kura nyingi zaidi. Walisema njia iliyoleta matokeo ilivunja Katiba na sheria. Hakuna dodoso la siku ya kura linalonasa kasoro ya aina hiyo.

Kifungu cha 140 cha Katiba kinatoa siku 7 za kuwasilisha kesi ya kupinga matokeo ya rais na 14 za kuiamua. Katika muda huo mwangalizi atoe hesabu tu: tulifika vituo vingapi kati ya vyote, vingapi vilibandika 34A mlangoni, mawakala wangapi walinyimwa nakala. "Huru na wa haki" aliweke mfukoni. Na kama bajeti hairuhusu watu wake kubaki vituo vya majumlisho hadi fomu ya mwisho, aseme hivyo wazi.

Mwaka 2022 Tume iliweka 34A kwenye tovuti yake, vituo 46,229, mtu yeyote apakue na kujumlisha. Vyombo vya habari vilijumlisha kwa kasi tofauti na kuwachanganya watu siku kadhaa, ni kweli. Lakini aliye Oslo na aliye Kisumu walisoma karatasi ile ile, na maoni ya mgeni yakawa kitu kinachoweza kukaguliwa.

Kuhusu kelele za "mabeberu wanatuingilia": misheni hizi huja kwa mwaliko. Azimio la kanuni za uangalizi lililozinduliwa Umoja wa Mataifa mwaka 2005 linataka hivyo. Serikali isiyowataka isiandike barua, badala ya kuwapokea uwanjani na kuwatukana ripoti ikitoka.