Mbegu ya Kishingo Isipotee

Yai likifikisha siku ya tatu chini ya kuku, lishike gizani ulimulike kwa tochi. Utaona nyuzi nyekundu zimetanda kama mizizi ya mche, na katikati yake nukta inayodunda. Bibi, aliyefuga kishingo, kuku wa kienyeji wasio na manyoya shingoni, alinifundisha kusoma yai hivyo ili tusihangaike na viza. Sikujua kwamba ndani ya damu ile zinasafiri seli chache mno, ambazo baadaye zitakuwa manii ya jogoo au mayai ya mtetea.

Wanasayansi huzifuata seli hizo hizo. Yai likitagwa tu, kiinitete tayari kina maelfu ya seli, kwa hiyo njia inayotumika kubadili jeni za panya, ya kuchoma sindano kwenye seli moja ya mwanzo, haifai. Badala yake huchukua tone la damu ya kiinitete, hukuza seli za uzazi maabara, hubadili jeni, kisha huzidunga katika kiinitete kingine kupitia tundu kwenye ganda. Mwaka 2023 watafiti wa Uingereza, wakiwemo wa Taasisi ya Roslin kule Edinburgh, walitangaza kuku waliohaririwa ANP32A, jeni ambayo virusi vya mafua huitegemea ili kuzaliana: 9 kati ya 10 hawakuambukizwa mafua ya ndege. Dozi ya virusi ilipoongezwa mara elfu, nusu yao waliambukizwa.

Habari ikawa hiyo ya mafua. Mimi nimeguswa na jambo jingine.

Mbegu ya fahali tunaigandisha kwenye mitungi ya naitrojeni miaka nenda rudi. Yai la kuku haligandishiki, kiini chake ni kikubwa mno. Lakini seli hizi zinagandishika, na zikiwekwa katika jogoo na mtetea waliobadilishwa jeni ili wasiwe na mbegu yao wenyewe, vifaranga wanaototolewa ni wa ukoo ule uliohifadhiwa. Aliyebadilishwa jeni ni mlezi. Kifaranga ni kishingo halisi. ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, na Roslin wamekuwa wakiifanyia kazi njia hii kwa kuku wa kienyeji.

Kwetu ugonjwa wa mdondo ulipita msimu mmoja ukafagia kishingo wote wa bibi. Tukanunua chotara, na ukoo ule hatujaupata tena hadi leo. Kwa hiyo nasema kazi ianze hapo: kuku wa kienyeji kama kuchi na kishingo wahifadhiwe kabla chotara hawajajaa kila banda. Na mfugaji aliyetoa mayai aandikwe kuwa mwenye mbegu, ili siku akiihitaji arudishiwe bila kuuziwa.