Msanii, Siasa na Ukurasa Wake wa Mtandaoni

Msanii wa Bongo Fleva anayetangaza wimbo mpya asubuhi, akasambaza habari ya bei ya mafuta mchana na kutoa maoni kuhusu hotuba ya waziri jioni, hupokea lawama za aina mbili: wapo wanaomtaka abaki kwenye muziki wake, na wapo wanaomshutumu kwa kukaa kimya kila linapotokea jambo zito.

Wanaomshauri ajihadhari wanazo sababu. Machi 2017 rapa Nay wa Mitego alikamatwa mkoani Morogoro kwa ajili ya wimbo wake wa kuikosoa serikali, "Wapo", ambao Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) liliufungia. Muda mfupi baadaye Rais John Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Wengi tulishangilia, lakini uhuru unaorudishwa kwa hisani ya mtu mmoja unaweza kuondolewa na mtu huyohuyo. Mwezi uliofuata rapa mwingine, Roma Mkatoliki, na wenzake walitekwa wakiwa studio jijini Dar es Salaam, wakapatikana baada ya siku tatu. Kumtaka kijana mwenye familia awe shujaa ni rahisi kwa asiyehatarisha chochote. Isitoshe, msanii hana mhariri, na taarifa ambayo hakuithibitisha huwafikia mashabiki wengi ambao kanusho lake halitawafikia kamwe.

Hata hivyo, wanaosema siasa na habari si kazi ya mwanamuziki wanaisahau historia yetu wenyewe. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar aliyerekodi nyimbo zake Bombay kuanzia 1928, aliimba "Kijiti", kisa cha mwanamke aliyeuawa Unguja, ambapo mtuhumiwa alitoroka huku wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi wakiishia kufungwa. Kwa wasikilizaji ambao wengi wao hawakusoma magazeti, wimbo huo ulikuwa habari na uchambuzi kwa pamoja, tena ukiitaja mahakama ya kikoloni bila kuipaka mafuta. Nchini Uganda, Bobi Wine, mwanamuziki aliyekwisha kuwa mbunge, aliongoza maandamano Julai 2018 dhidi ya kodi ya shilingi 200 kwa siku iliyotozwa watumiaji wa mitandao ya kijamii, kodi iliyowagusa moja kwa moja wasanii na wasikilizaji wao.

Kwa maoni yangu hoja ya upande huu wa pili ina uzito zaidi, kwa sababu msanii hununua unga na kupanda daladala kama raia mwingine, na ukimya wake hausomwi kama kutoegemea upande wowote. Ninachokitilia shaka ni sifa za kulipiwa. Wakati wa kampeni wasanii hupanda majukwaani kwa malipo, jambo ambalo ni kazi halali, kisha hujaza kurasa zao sifa za mgombea kana kwamba ni imani ya moyoni, na shabiki wa miaka 18 anayepiga kura kwa mara ya kwanza hana njia ya kuvitofautisha viwili hivyo. Ujumbe uliolipiwa uandikwe wazi, mwanzoni kabisa mwa maelezo ya picha au video, kwamba ni tangazo, na jina la chama kilicholipa litajwe.