Chupa Tupu za Ofisini, Berlin na Dar es Salaam

Nilifanya kazi ofisini Dar es Salaam kwa miaka sita, na huu ni mwaka wangu wa tano Berlin. Ndugu zangu wakiniuliza imekuwaje Wajerumani wakatenganisha taka kwa utii namna ile, hutarajia niwasimulie habari za ustaarabu. Mimi nimeona jambo jingine.

Siku ya kwanza nilitafuta ndoo ya taka chini ya meza yangu, sikuiona. Zilikwisha kuondolewa zote, hivyo mwenye kitu cha kutupa hana budi kuinuka hadi jikoni, kwenye pipa la karatasi, la vifungashio, la mabaki ya chakula, na la taka mchanganyiko, ambalo ndilo dogo kuliko yote kwa sababu kulizoa ni ghali. Mtu akishatembea hatua ishirini na karatasi mkononi, huanza kujiuliza kwa nini aliichapa.

Hata hivyo, kinachowasukuma wenzangu hasa ni kreti la chupa. Tangu 2003 Ujerumani hutoza amana kwenye makopo na chupa za plastiki za vinywaji zinazotumika mara moja tu, senti 25 kila moja, nayo hurudishwa ukipeleka chupa tupu dukani. Sisi huzikusanya pamoja, na fedha huingia kwenye mfuko wa chakula chetu cha Desemba. Nimemwona mkurugenzi amechutama mbele ya pipa, mkono umezama hadi kiwikoni, akiokoa kopo moja lililotupwa kimakosa. Wala sidhani kwamba wakati huo alikuwa akiwaza habari za plastiki baharini. (Usiku, nje, wazee wenye pensheni ndogo hupekua mapipa ya barabarani kwa ajili ya senti hizo hizo, kama waokota makopo wetu.)

Amana ya chupa si jambo geni kwetu, kwani aliyetumwa soda dukani bila chupa tupu anajua alivyorudishwa nyumbani. Na katika ofisi yangu ya Dar es Salaam urejelezaji, yaani kutumia tena vilivyotupwa, ulikuwapo kabla hatujalijua neno lenyewe: mama aliyetufanyia usafi alipanga karatasi kwenye boksi akawauzia wauza karanga, na chupa za maji akazijaza kwenye kiroba akaziuza kwa kilo. Kisha uongozi ukapiga marufuku. Kuhusu karatasi walikuwa na haki, maana zilikuwa na majina ya wateja, na mimi mwenyewe niliwahi kununua karanga zilizofungwa kwa ankara yetu. Lakini marufuku ilizikumba na chupa, ambazo hazikuwa na siri ya mtu yeyote. Mwaka uliofuata tuliitiwa semina ya siku nzima ya mazingira, tukapewa fulana, na kila mmoja wetu chupa mbili ndogo za maji, ambazo jioni zilipakiwa kwenye gari la taka pamoja na maganda ya ndizi.

Kosa, kwa maoni yangu, ni kudhani kwamba wafanyakazi wamepungukiwa elimu. Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019, ile tuliyoizoea kwa jina la Rambo, hakuna aliyenipeleka darasani. Mifuko haikuwapo tena dukani, nikabeba kikapu. Mwajiri anayetaka taka zipungue aondoe kwanza zile chupa ndogo mikutanoni, aweke mtungi mkubwa wa maji na bilauri, karatasi zenye majina azikate kwa mashine, na kiroba cha chupa akirudishe kwa anayefanya usafi, kwa maandishi ndani ya mkataba wake, ili meneja mpya asije akamnyang'anya.

Mwezi uliopita nilizungumza na mama yule kwa simu. Aliniambia kwamba chupa bado anazipata, ila sasa humlazimu kuwahi alfajiri na kuziokota nje ya geti, kabla gari la taka halijafika.