Ofisi Isiyo na Kuta

Sielewi ni nani aliyeamua kwamba kuta ni adui wa kazi. Ofisi tuliyohamishiwa haina chumba chenye mlango isipokuwa cha mikutano, nacho ni cha vioo, kwa hiyo anayekaripiwa humo anaonekana na watu wote. Hakuna aliye na meza yake. Anayechelewa asubuhi hukaa panapobaki, na jana nililazimika kufuta makombo ya mkate ya mtu mwingine kwenye kibodi kabla ya kuanza kazi.

Kelele ndiyo kero kubwa. Ninapojumlisha hesabu, mwenzangu wa kushoto anabishana na mteja kwa simu, wa kulia yumo kikaoni kwenye kompyuta, na sauti zao zinagonga sakafu ya saruji na kurudi kutoka kwenye dari iliyoachwa wazi na mabomba yake, kwa kuwa mazulia, ambayo yangefyonza kelele hizo, yameonekana yamepitwa na wakati. Nikipotea, naanza upya.

Tunaambiwa kwamba uwazi huleta ushirikiano. Mwaka 2018 Ethan Bernstein na Stephen Turban walichapisha utafiti kuhusu kampuni mbili zilizohamia ofisi za wazi zaidi, wakakuta mazungumzo ya ana kwa ana yamepungua kwa takriban asilimia 70, huku barua pepe zikiongezeka. Ndivyo ilivyo kwetu: kila mtu ameziba masikio kwa vipokea sauti, na jirani ninayeweza kumgusa bega ananiandikia ujumbe.